Dada yangu amenitumia plasta za homoni. Nizibandike?

SWALI

Shikamoo dada daktari. Nina miaka 51, ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga. Siku zangu zilikata, sasa ni mwezi wa kumi na nne sijaziona. Tangu hapo joto limenishika: linaanzia kifuani linapanda mpaka usoni, jasho linanitiririka mbele ya wanafunzi, na usiku nabadilisha khanga mara mbili. Silali. Nina presha, nakunywa amlodipini ya miligramu 5, juzi walinipima 148 kwa 92. Dada yangu yuko Leicester. Yeye alitolewa kizazi kwa sababu ya faibroidi, joto likamshika kama mimi, na sasa anabandika plasta za estrojeni. Anasema zimemrudishia uhai wake. Amenitumia boksi tatu. Lakini mwalimu mwenzangu kaniambia homoni zinaleta kansa ya matiti, na mama yangu mdogo alifariki kwa kansa hiyo akiwa na miaka 68. Duka la dawa nao wakaniambia hata majira yanafaa. Nifuate lipi?
Mama wa watatu, Tanga
Samahani, na tendo la ndoa siku hizi linauma.

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Maswali yako ni manne, na la tano umelichomeka chini ya jina. Ndivyo wanavyofanya wagonjwa wangu wengi: mtu ameshashika kitasa cha mlango anatoka, ndipo anageuka na kusema lililomleta. Nitalifikia.

Kwanza boksi tatu. Usizibandike bado. Zinanitia wasiwasi kuliko presha yako na kuliko habari ya mama mdogo, Mungu amrehemu. Dada yako hana kizazi, wewe unacho, na hilo peke yake linatosha kuifanya dawa inayomfaa yeye ikudhuru wewe.

Estrojeni, pamoja na kazi zake nyingine, hukuza utando wa ndani ya mji wa mimba. Ulipokuwa bado unaziona siku zako, ovari ilitoa estrojeni, utando ukanenepa, kisha ikaja homoni ya pili, projesteroni, kuutuliza, na mwisho utando ukabanduka ukatoka. Hedhi ndiyo hiyo. Sasa mwenye kizazi akibandika estrojeni peke yake, utando unaendelea kukua bila wa kuuzuia, kama shamba la masika lisilopaliliwa, na kadiri muda unavyopita seli zake zinaweza kugeuka saratani. Hili halikugunduliwa jana. Wanawake wengi wa Marekani walimeza vidonge vya estrojeni peke yake katika miaka ya 1960, na mwaka 1975 tafiti zikaonyesha kwamba saratani ya mji wa mimba ilikuwa imeongezeka mara kadhaa miongoni mwao. Tangu hapo mwenye kizazi hapewi estrojeni bila projesteroni, au dawa ya ukoo wa projesteroni, pembeni yake. Aliyetolewa kizazi hana utando wa kulinda, estrojeni inamtosha. Kwa hiyo dawa ya dada ni moja, na yako, ukija kuandikiwa, itakuwa mbili.

Mwezi Novemba 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kwamba inayaondoa maonyo makubwa yaliyokuwa kwenye dawa hizi kwa zaidi ya miaka 20, yale ya moyo, ya matiti na ya kupoteza kumbukumbu. Onyo moja hawakuligusa: saratani ya mji wa mimba kwa anayetumia estrojeni peke yake. Watu wamebishana juu ya karibu kila jambo katika tiba hii, lakini hilo halina mabishano.

Majira nayo, hapana. Vidonge vingi vya majira vina estrojeni ya kiwandani yenye nguvu kubwa, kwa sababu kazi yake ni kuzuia yai lisitoke. Homoni za ukomo wa hedhi ni za kiwango kidogo, zinajazia pengo tu. Mwanamke wa miaka 51 mwenye presha akianza kumeza majira anajiongezea hatari ya kiharusi na ya damu kuganda, na yai lenyewe la kuzuia hana. Aliyekwambia dukani alitaka kukusaidia, nadhani. Homoni ni homoni kwake.

Sasa, kabla hatujafika kwenye kansa, nikuulize: una hakika joto lako lote ni la hedhi?

Maelezo yako ni kama ya kitabuni. Kifuani, shingoni, usoni, jasho, kisha ubaridi unaoacha nguo imelowa. Wanawake wengi, kama robo tatu, hulipata. Lakini unakunywa amlodipini, na dawa hiyo hupanua mishipa ya damu. Wapo inaowapandisha joto usoni na kifuani bila habari yoyote ya ovari. Kaa chini ukumbuke: joto lilianza kabla ya kidonge hicho, au wiki chache baada yake? Likiwa lilikuja baada ya kidonge, huenda kubadilishiwa dawa ya presha kukakupunguzia nusu ya tatizo, na hutakuwa umebandika chochote.

Halafu kuna jasho la usiku. Alikuja kwangu mama mmoja, muuza vitenge, akamwaga mezani mfuko wa rambo wenye dawa za malaria: pakiti tano tupu na moja nusu. Mwaka mzima kila akishikwa na joto anakwenda dukani, anasema homa, anapewa dawa. Hakuna aliyemtoboa kidole. Nikampima, malaria hana. Hedhi ilikuwa imemkata miezi minane. Nilicheka naye siku ile. Lakini kuna mwingine sikucheka. Huyo kila mtu alimwambia "ni umri, mama", na yeye akaamini, kumbe lile jasho lilikuwa la kifua kikuu na kikohozi alikuwa akikiita vumbi la nyumba. Kwa hiyo ukiwa na kikohozi kilichozidi wiki mbili, au unakonda bila kutaka, au moyo unakwenda mbio huku mikono inatetemeka, sema kwanza hayo. Tezi ya shingo ikizidisha kazi nayo huleta joto na jasho, na kipimo chake ni damu tu.

Haya. Tuseme ni hedhi, kama ninavyodhani. Twende kwenye maneno ya mwalimu mwenzako.

Hakuyatunga. Yalianza Julai 2002. Marekani walikuwa na utafiti mkubwa uitwao Women's Health Initiative: wanawake 16,608 wenye kizazi, nusu wakapewa vidonge vya estrojeni pamoja na medroksiprojesteroni, nusu vidonge visivyo na dawa, bila yeyote kujua anameza kipi. Ulipangwa kwenda miaka 8 na nusu, ukasimamishwa baada ya miaka 5 na kidogo kwa sababu saratani ya matiti ilikuwa imevuka mpaka waliojiwekea. Magazeti ya dunia yakaandika: hatari imepanda kwa asilimia 26. Nilikuwa daktari kijana wakati huo. Wanawake waliokuwa wakitumia homoni hapa nchini walikuwa wachache sana, na hao wachache niliowajua waliacha ndani ya wiki mbili, wengine bila hata kuuliza. Madaktari nao wakaacha kuandika. Kizazi kizima cha madaktari, nikiwamo mimi, kilisomea woga huo, na mpaka leo wapo wasiotaka kulisikia neno homoni.

Sasa hiyo asilimia 26 tuifungue. Uwanja wa Mkapa pale Dar es Salaam unaingiza watu 60,000. Chukua sehemu yake moja ya sita, uijaze wanawake 10,000, uwafuatilie mwaka mmoja. Katika wale waliopewa vidonge visivyo na dawa, wanawake 30 kati ya 10,000 walipata saratani ya matiti kwa mwaka. Katika waliopewa homoni mbili, 38. Wanane zaidi, jukwaa zima. Kiharusi kilitoka 21 kikawa 29. Damu iliyoganda na kukwama mapafuni ilitoka 8 ikawa 16. Ugonjwa wa mishipa ya moyo ulitoka 30 ukawa 37. Upande wa faida, waliovunjika nyonga walishuka kutoka 15 wakawa 10, na saratani ya utumbo mpana ikashuka kutoka 16 ikawa 10.

Sisemi wanane si kitu. Kila mmoja wao ana watoto na jina. Ninachosema ni kwamba aliyesikia "asilimia 26" alielewa kwamba robo ya wanaotumia watapata kansa, na hilo halikuwa kweli hata siku moja.

Kuna jambo la pili ambalo magazeti hayakulikazia. Wanawake wa utafiti ule walikuwa na umri wa wastani wa miaka 63. Wengi walishapita ukomo wa hedhi miaka kumi na zaidi, na waliokuwa na joto kali kama lako walikuwa wachache, maana mwenye joto kali asingekubali kubahatisha kidonge kisicho na dawa. Takwimu zilipogawanywa upya kwa umri, picha ilibadilika. Walioanza ndani ya miaka 10 tangu hedhi ikome hawakuonyesha lile ongezeko la ugonjwa wa moyo. Walioumia zaidi ni walioanza miaka 20 baadaye, mishipa ikiwa imeshakakamaa. Na mwaka 2017, baada ya kuwafuatilia wote kwa miaka 18, idadi ya waliofariki ilikuwa sawa kwa waliomeza homoni na wasiomeza.

Ndiyo maana siku hizi tunatazama saa: chini ya miaka 60, au chini ya miaka 10 tangu siku zikate. Wewe una 51 na miezi kumi na minne. Uko ndani kabisa. Angeniandikia mama wa miaka 68 anayetaka kuanza leo ili "arudishe ujana", barua yangu ingekuwa fupi na isingempendeza.

Narudi kwa dada yako, maana wanawake kama yeye walikuwa na kundi lao katika utafiti huohuo. Wanawake 10,739 waliokwisha kutolewa kizazi walipewa estrojeni peke yake, na kundi hilo likasimamishwa mwaka 2004. Kwao kiharusi kiliongezeka, lakini saratani ya matiti haikuongezeka. Walipoendelea kufuatiliwa miaka mingi, ikaonekana hata imepungua kuliko kwa wenzao.

Ukiliona hilo utaona ugumu wa mizani yenyewe. Dawa inayokilinda kizazi chako ndiyo ile ile inayolisogeza titi karibu kidogo na hatari. Hapo huwezi kuwa na vyote. Wapo wanaosikia hivyo wakasema, basi niache projesteroni nitumie estrojeni tu. Hapana, hilo ni kukimbia mvua na kuingia mtoni.

Hesabu mbaya kuliko zote ninazoziamini ni za mwaka 2019, zilizokusanywa Uingereza kutoka tafiti 58 za nchi mbalimbali. Ngoja nikupe hizo, nisije kuonekana nakuuzia dawa. Mwanamke wa kule ambaye hatumii homoni, uwezekano wake wa kupata saratani ya matiti kati ya miaka 50 na 69 ni kama 63 katika 1,000. Akianza homoni mbili za kila siku akiwa na miaka 50 na kuzitumia miaka 5, inakuwa 83. Yaani katika kila wanawake 50 wanaotumia hivyo, mmoja zaidi ataugua katika miaka hiyo 20. Kwa estrojeni peke yake ni mmoja katika 200. Unene uliozidi baada ya hedhi kukoma nao huongeza hatari ya titi, na pombe ya kila siku nayo imo, ila sijawahi kuona mtu akitupa chupa kwa woga ule anaoutupia kidonge.

Hapa kwetu saratani ya matiti ni adimu zaidi kuliko Uingereza ukilinganisha idadi ya watu. Lakini wanawake wetu wengi hufika hospitali ikiwa imeshafika hatua ya tatu au ya nne, na hapo ndipo inapoua. Kwa hiyo kwako hatari ya homoni ninaipima pamoja na swali jingine: titi lako nani atalitazama? Kama unaweza kuchunguzwa na daktari kila mwaka, na kupata picha ya matiti pale kipimo kinapopatikana, naandika kwa moyo mweupe zaidi.

Mama mdogo: ndugu mmoja, aliyeugua akiwa na miaka 68, habadilishi sana hesabu yako. Ningekaza uso kama ingekuwa mama mzazi au dada, hasa chini ya miaka 50, au kama katika ukoo kuna saratani ya titi na ya ovari kwa pamoja. Waulize wakubwa nyumbani. Mara nyingi mtu aliyesemwa "alikufa na uvimbe wa tumbo" alikuwa na kansa ya ovari.

Kuhusu projesteroni, zipo za namna nyingi. Ile medroksiprojesteroni ya utafiti wa 2002 unaijua, ila si kwa jina hilo: ndiyo iliyomo kwenye sindano ya Depo ya miezi mitatu, kwa kipimo tofauti. Siku hizi wengi wetu tunapendelea projesteroni inayofanana na ya mwili wenyewe, kidonge laini cha miligramu 100 kinachomezwa usiku. Ufaransa walifuatilia wanawake zaidi ya 80,000, na waliochanganya estrojeni na projesteroni ya aina hii hawakuonyesha ongezeko la saratani ya matiti lililoonekana kwa aina nyingine. Huo ulikuwa ufuatiliaji tu, haukuwa jaribio la kugawa dawa kwa kura, kwa hiyo sikuahidi kitu. Ila nikiwa na za kuchagua, nachagua hiyo. Tena inaleta usingizi, na wewe umesema huna.

Kwa upande wa estrojeni, dada yako kakupatia aina nzuri bila kujua. Kidonge cha estrojeni kikimezwa hupita kwanza kwenye ini, na ini likikiona hutengeneza zaidi vile vitu vinavyogandisha damu. Plasta au jeli hupitisha dawa kwenye ngozi moja kwa moja hadi kwenye damu, ini halishtuki. Katika tafiti za ufuatiliaji, waliotumia za ngozi kwa viwango vya kawaida hawakuonyesha lile ongezeko la damu kuganda linaloonekana kwa vidonge. Kwa mwenye presha, mnene, au mwenye kipandauso, naandika ya ngozi na si kidonge. Lakini kwa titi, plasta haina nafuu kuliko kidonge. Wauzaji wa mtandaoni hupenda kulisahau hilo.

Sasa utapata nini? Joto hupungua kwa kama robo tatu, na kwa kawaida utaona tofauti ndani ya wiki nne hivi. Usingizi hurudi kwa sababu hakuna kinachokuamsha. Mifupa, ambayo hukonda haraka sana katika miaka ya kwanza baada ya hedhi kukoma, huacha kukonda muda wote unaotumia. Dawa hii haizuii uzee, wala siandiki kwa ajili ya kulinda moyo au akili. Walioanzishwa baada ya miaka 65 katika sehemu nyingine ya utafiti ule wa Marekani walipoteza kumbukumbu zaidi, si kidogo.

Ningekuwa kwenye kiti cha daktari wako, ningekuandikia. Ila si wiki hii. 148 kwa 92 ni presha isiyotulia, na kiharusi ndicho ninachokiogopa kwako kuliko kansa. Kwanza ishuke chini ya 140 kwa 90, ikae huko, ama kwa kuongezewa dawa ya pili ama kwa kubadilishiwa hiyo amlodipini tukiona ndiyo inayokupandisha joto. Wakati huohuo nikupime matiti, nikuulize kama umewahi kuvimba mguu mmoja au kupata damu kuganda, kama ini liliwahi kuugua, na kama tangu siku zikate umeona damu hata tone. Ukiniambia umeona tone, tunasimama hapo hapo mpaka mji wa mimba uchunguzwe. Damu baada ya mwaka mzima haitwi hedhi iliyorudi, hata kama mashoga zako watakupongeza. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti, kiharusi, au mshtuko wa moyo, homoni za mwili mzima simpi.

Nikiridhika, ningeanza na plasta ya mikrogramu 25 au 50 na kile kidonge cha usiku, kila siku bila kukatiza, kwa kuwa umeshapita mwaka. Badala ya kidonge kuna kitanzi chenye homoni, kile kinachowekwa kwa uzazi wa mpango, nacho hulinda utando vizuri kwa miaka 5. Miezi mitatu mpaka sita ya mwanzo unaweza kuona matone. Yakizidi hapo, rudi. Kama uko kwenye dawa za virusi vya Ukimwi, mwambie daktari ni zipi hasa. Zenye dolutegravir hazina ugomvi na homoni hizi, zenye efavirenz hupunguza nguvu yake. Sikuulizi, nawaandikia na wengine wanaosoma.

Joto la pwani lina vituko vyake. Plasta hubandikwa tumboni chini ya kiuno au kalioni, kamwe si kwenye titi, nyingi hubadilishwa mara mbili kwa wiki, na mahali hapo pasipakwe mafuta. Wateja wangu wa Tanga na Pangani hulalamika "zinabanduka, dokta", nami nikiwauliza nini kilichopakwa asubuhi ile, jibu ni mafuta ya nazi. Osha, kausha, bandika, bonyeza kwa kiganja mpaka uhesabu thelathini. Zikigoma kabisa kuna jeli, ila mjukuu asiguse mkono uliopakwa mpaka ukauke.

Na ukiamua hutaki homoni, si kosa. Mimi mwenyewe sikutumia. Joto langu lilikuwa la feni na khanga ya maji, likapita baada ya miaka mitatu. Kwa wengi hudumu zaidi, katika utafiti mmoja wa Marekani nusu ya wanawake waliosumbuliwa nalo mara kwa mara walikuwa nalo kwa zaidi ya miaka 7. Kuna venlafaksini na gabapentini za kiwango kidogo, hupunguza joto kiasi, si kama estrojeni. Venlafaksini hupandisha presha, kwa hiyo kwako ningeruka. Kuna dawa mpya, fezolinetanti, inayozima joto kwenye ubongo bila homoni, iliruhusiwa Marekani mwaka 2023 na inataka vipimo vya ini. Mizizi na unga unaouzwa kwenye magari ya mikoani, tafadhali, usiilete kwangu nikaulizwe kama inafaa. Sijui kilichomo, na anayeuza hajui pia.

Anza leo na daftari. Wiki mbili, kila joto likipanda piga mstari mmoja, mchana upande huu, usiku upande ule, na pembeni andika presha siku unazopimwa. Nenda nalo kwa daktari wa wanawake hospitali ya mkoa, pamoja na boksi moja la dada, asome kiwango na tarehe. Homoni ikianza, utarudi baada ya miezi mitatu, kisha kila mwaka mnaulizana kama bado unaihitaji. Hakuna tarehe ya kuacha iliyoandikwa ukutani.

Na lile la chini ya jina. Uke bila estrojeni hukonda na kukauka, ngozi yake huwa kama karatasi, na mkojo nao huanza kuchoma mara kwa mara, watu wakameza antibaotiki bure. Joto hupita siku moja, ukavu haupiti wenyewe, huongezeka. Dawa yake ni krimu ndogo ya estrojeni ya ukeni, kila usiku kwa wiki mbili, kisha mara mbili kwa wiki. Kiasi kinachoingia kwenye damu ni kidogo mno, haitaki projesteroni, presha yako haiizuii, na kwenye zile hesabu za 2019 haikuonekana kuongeza saratani ya matiti. Wakati unaisubiri, kilainishi cha maji kutoka duka la dawa kinasaidia, na mzee naye aambiwe asiharakishe. Kati ya yote uliyoniuliza, hili ndilo ambalo daktari wako, akishakupima, anaweza kukuanzishia wiki hii hii, kabla hata presha haijashuka.